Tashbihi Haiumi, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, katika kona hii ya ushauri wachumba wapumzike kidogo. Barua zao ninazo, na yule aliyeuliza kama amrudishie mwanaume simu aliyomnunulia kabla ya kumwacha, jibu ni asirudishe, tumalize. Leo nazungumza na nyie mlio kidato cha tatu, cha nne na cha sita, pamoja na mtu mzima yeyote ambaye mwenzake akisema "hapa mwandishi ametumia kinaya" yeye huitikia kwa kichwa ili yaishe.

Maana malalamiko ni yale yale. Mtoto kazaliwa Temeke, Kiswahili ndicho anachoota nacho, ndicho anachogombea nacho siti kwenye daladala, lakini likifika swali la fasihi anaandika kurasa tatu na kupata alama za huruma. Na si kwamba hakusoma. Amekariri tamathali zote za kwenye kitabu cha mwongozo, kuanzia tashbihi mpaka tashtiti, kwa mpangilio ule ule wa kitabu. Usiku wa kuamkia mtihani zimevurugana kichwani, hajui ipi sitiari ipi taashira.

Mwanangu huyo kumbukumbu anayo. Kilichomponza ni kuanzia mwisho. Jina la tamathali hushikwa baada ya vyote. Kwanza sikia: nani anamwambia nani, kwa nini hakusema moja kwa moja, na aliyeambiwa kapatwa na nini. Ukishayajibu hayo, jina hujileta, na hata lisipokuja, una cha kuandika.

Tuanze na kanga. Umeolewa, wiki haijaisha, wifi yako anakuja kukusalimia. Anakunywa chai, anasifu mapazia, anauliza hali ya mama yako. Mdomoni hana neno baya hata moja. Ila kanga aliyojifunga, jina lake pale chini ya mji, karibu na pindo, limeandikwa: HASIDI HANA SABABU. Anaaga, anaondoka, na wewe unabaki kwenye kochi moyo unakuenda mbio.

Amesema nini? Kila kitu. Na ukimshtaki kwa kaka yake, ataapa kwamba kanga ilikuwa juu ya sanduku, kaichukua tu. Kwenye kitabu chako hilo linaitwa fumbo, na likirushwa kwa mtu maalumu watu wa Pwani wanaliita kijembe. Lakini angalia kazi iliyofanyika kabla hujatafuta jina. Msemaji kasema na bado anaweza kukana. Ujumbe umemfika mlengwa peke yake, wengine waliokuwa sebuleni wameona nguo. Nawe ndiye uliyeikamilisha maana kwa kujishuku. Karibu kila tamathali utakayoambiwa uitaje darasani ina kitu cha namna hiyo ndani yake, yaani msemaji kuacha sehemu ya maana imaliziwe na msikilizaji. Basi unapoona mstari wenye tamathali, jiulize: ni nini nimeachiwa nikimalizie mimi?

Haya, njoo kwenye tashbihi na sitiari, ambazo mnazichanganya bila sababu. Kijana mmoja anakuandikia: "Wewe ni kama mbalamwezi." Mwingine anaandika: "Wewe ni mbalamwezi yangu." Wa kwanza kakulinganisha na mwezi huku akikubali kwamba wewe ni mtu na mwezi ni mwezi. Hiyo ni tashbihi, na vyombo vyake ni kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, na viambishi vya namna ya "alitembea kitausi". Wa pili hakukubali chochote. Kaondoa neno la kulinganisha, kakugeuza mwezi moja kwa moja, na wewe ndiye wa kuhangaika kujua anamaanisha unang'aa, uko mbali, au unaonekana usiku tu. Hiyo ni sitiari, na Kenya wengi wataandika istiari. (Wa pili, kwa uzoefu wangu, ndiye wa kuchunga zaidi, lakini nimesema wachumba wapumzike.)

Sasa mtego ambao wasahihishaji wanaujua na nyie hamuujui. Neno "kama" halitoshi kutengeneza tashbihi. "Kama utakuja, nipigie" ni sharti. "Alifanya kazi kama karani bandarini" ni cheo. "Juma ni mrefu kama kaka yake" ni kipimo tu, watu wawili wamesimamishwa ukutani wakapimwa. Tashbihi inataka vitu viwili vya jinsi tofauti vikutanishwe kwa sifa moja. Juma na mlingoti, hapo tunazungumza. Mwanafunzi akinyanyua kila "kama" aliyoikuta kwenye riwaya na kuiweka kwenye karatasi, msahihishaji anajua kabisa kwamba alikuwa anawinda neno, hakuwa anasoma.

Sitiari ikiendelea kwa mistari kadhaa, au ikafunikwa kiasi kwamba kitu halisi hakitajwi kabisa, vitabu vya Kenya huiita jazanda. Mama anamwambia jirani kwamba ua lake limeanza kufuatwa na nyuki. Msichana hakutajwa, wavulana hawakutajwa, na jirani kaelewa mpaka umri.

Nyingine nazipita haraka kwa kuwa zinajieleza. Tashihisi ni kukipa kisicho mtu tabia ya mtu: njaa inabisha hodi, bahari imenuna, umeme umegoma kurudi. Mubalagha, ambayo Kenya ni chuku, ni kutia chumvi mpaka kila mtu ajue umetia, na lazima ajue, la sivyo unakuwa umeongopa. "Nimekusubiri miaka" kwa mtu aliyechelewa nusu saa ni mubalagha. Kumwambia bosi ulikuwa hospitali wakati ulikuwa Kariakoo ni jambo jingine. Tafsida ni kupunguza ukali wa neno, na Waswahili tumeizoea kiasi hatuisikii tena: mtu amejifungua, amekwenda haja, ametutoka. Tanakali sauti ni kuiga mlio: chubwi, tifu, kacha. Balagha ni swali lisilosubiri jibu. Mama yako alipokuuliza "Mimi ni mtumishi wako?" nadhani hukujibu.

Takriri inataka dakika moja zaidi. Wengi wenu mnaandika "mwandishi amerudia neno ili kusisitiza" na kuweka nukta. Msisitizo wa nini? Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Mwalimu Nyerere alisimama akalitangazia taifa vita. Kiini cha hotuba ile, kinachokumbukwa hata na watu waliozaliwa baadaye sana, ni vitu vitatu: uwezo, sababu na nia. Alivipanga katika sentensi za umbo moja, moja baada ya nyingine, kinachobadilika hasa ni hilo neno moja. Sikiliza kinachotokea. Sentensi ya kwanza unaisikia. Ya pili umeshaijua inavyokwenda. Ya tatu unaimalizia mwenyewe kabla hajafika mwisho, na ukumbi mzima unakuwa umesema pamoja naye. Takriri pale ilimgeuza msikilizaji kuwa msemaji. Ukiandika hivyo kwenye karatasi badala ya "kusisitiza", umeeleza kazi yake.

Na takriri hiyo hiyo inaweza kuuma. Nyerere huyo huyo alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963. Mle ndani kuna mazishi. Caesar kauawa, Brutus aliyeshiriki kumwua ameshahutubia na umati uko upande wake. Anapanda Antony, rafiki wa marehemu, ambaye kapewa ruhusa ya kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Basi hawalaumu. Anamwita Brutus mtu wa heshima. Anaeleza wema mmoja wa Caesar, kisha anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Anaeleza mwingine, anarudia. Neno halikubadilika hata herufi, lakini kila likirudi limeoza kidogo, mpaka umati wenyewe ndio unaopiga kelele na kukimbia kwenda kuchoma nyumba za akina Brutus. Sharti hakulivunja. Hiyo ni kejeli iliyopitishwa kwenye takriri, na ukiuliza swali letu la mwanzo, kwa nini hakusema moja kwa moja, jibu unalo: alikatazwa.

Hapo ndipo tunapokutana na ugomvi mkubwa wa kejeli na kinaya. Vitabu havikubaliani vyote, nawaambia mapema. Njia inayosaidia wengi ni hii. Kejeli ina mtu anayeifanya kwa makusudi: anasifu kumbe anaponda. Dada yako katoka saluni nywele zimeungua, unamwambia "Aaa, leo umetisha", kejeli. Kinaya mara nyingi hakihitaji mdomo wa mtu. Ni mambo yenyewe kwenda kinyume na yalivyotegemewa, na kinyume hicho kikawa na maana.

Chukua Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Tanzania vimeipitia. Ngoswe ni karani wa sensa. Katumwa kijijini kuhesabu watu. Anafika, anamwona Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kuanzia hapo hesabu inakwenda upande. Mwisho wa yote makaratasi ya sensa yanateketea kwa moto. Mtu aliyeletwa kuhesabu anarudi bila hesabu: hicho ni kinaya, na hakuna aliyekisema, kimetokea tu. Wakati mwingine kinakaa ndani ya jina. Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea amempa mtawala dhalimu jina la Mtemi Nasaba Bora, na kila unapoligusa jina hilo matendo yake yanalicheka.

Na majina yenyewe ni mbinu. Mhusika akipewa jina linalobeba tabia yake, kama Mitomingi, au Majoka katika Kigogo ya Pauline Kea, au Karama na Majivuno wa Shaaban Robert, hiyo ni majazi, au majina ya kimajazi. Ukiona jina la mhusika lina maana kwenye kamusi, simama. Mwandishi hakulitoa kwenye sensa.

Kabla sijaondoka kwa Ngoswe, tuweke sawa maneno ambayo mtihani wa Tanzania unayapenda kuliko yote: fani na maudhui. Maudhui ni yale yanayosemwa, fani ni namna yanavyosemwa. Wanafunzi wanaelewa hapo, halafu wanazama kwenye dhamira na ujumbe. Dhamira ya Ngoswe inaweza kuandikwa kwa maneno mawili matatu: mapenzi na kazi, uzembe katika kazi ya umma, ulevi. Ujumbe hauwezi kuandikwa hivyo, kwa sababu ujumbe ni sentensi kamili anayobaki nayo msomaji: mtumishi akiyachanganya mapenzi na kazi ya umma, hasara inaangukia jamii nzima. Ukiandika "ujumbe ni mapenzi", hujaandika ujumbe. Mgogoro ni nani anavutana na nani, au na nini, pamoja na ule wa mtu na nafsi yake, ambao ndio mtamu zaidi na ndio mnaousahau. Msimamo ni upande aliosimama mwandishi. Hayo yote yamo ndani ya maudhui, kama vile wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha yalivyo ndani ya fani. Muundo nao si mtindo: muundo ni mpangilio wa matukio, kama yanakwenda moja kwa moja au yanarukaruka kurudi nyuma, na huko kurudi nyuma ndiko mbinu rejeshi, au kisengere nyuma. Basi, mengine ya hapo mtayasoma.

Mmoja wenu kaniuliza, na swali ni zuri: "Dada, kwa nini waandishi wanatusumbua? Wangesema tu."

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Riwaya yake Kusadikika ilitoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru. Angeandika kwamba watawala hawa hawasikilizi, wanamfunga anayeleta mawazo mapya, ingekuwaje kazini Jumatatu? Akaandika juu ya nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kwa faida ya nchi, na wote walirudi wakatupwa gerezani badala ya kushukuriwa. Hadithi ndani ya hadithi, nchi isiyopatikana kwenye ramani, majina yenye maana. Msomaji wa Tanga wa wakati ule aliweza kufunga kitabu akajua kasoma habari za wapi. Hiyo ni istiara, sitiari iliyobeba kitabu kizima.

Mfano wa pili ni mkali zaidi kwa sababu tunamwona mtu yule yule akisema wazi na kisha akisema kwa fumbo. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka wa kisiasa uitwao Kenya: Twendapi? Angalia anwani hiyo. Ni swali la balagha, na ndani hakuficha kitu. Akafungwa, kuanzia 1969 mpaka 1972. Akiwa gerezani akaandika mashairi, yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombania mnazi: mmoja yuko juu anakula, mwingine yuko chini anauliza haki yake iko wapi. Mlinzi akilisoma, ni mnazi. Mkenya wa miaka ile akilisoma, ni nchi iliyopata uhuru na swali la nani anafaidi. Ukiulizwa "eleza matumizi ya jazanda katika shairi hili", usiishie kwenye "mnazi ni jazanda ya nchi". Eleza kwa nini mnazi: ulipandwa na waliotangulia, unazaa, unakwewa na mmoja kwa wakati mmoja, na aliye chini hula kinachodondoshwa. Sifa hizo nne ndizo shairi lenyewe.

Ishara na taswira pia mnazipiga pamoja. Taswira ni picha: maneno yakikufanya uone, unuse, usikie. Ishara, au taashira, ni kitu kinachosimama mahali pa wazo. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, wanagombana, nguzo haisimami. Nguzo unaiona, kwa hiyo kuna taswira. Lakini inabeba pia ukombozi wa hao wanawake, kwa hiyo ni ishara. Kitu kimoja kinaweza kuwa vyote viwili, usiogope kuandika hivyo ukitoa sababu. Na mwandishi huyo huyo ana tamthilia iitwayo Lina Ubani. Kila Mswahili anaijua methali kwamba la kuvunda halina ubani. Kaikata, kaipinga kwenye jalada kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Zoezi zuri la jioni ni hilo: pitia anwani za vitabu tu. Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed ni maneno mawili yanayokataana, kweli kinzani hiyo, wengine watasema tanakuzi. Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi ni sitiari mchana kweupe. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ni nahau, na hiyo n' pale katikati ni "ni" iliyofupishwa.

Kufupisha huko kunaitwa inkisari, na kunatupeleka kwenye ushairi, ambako wengi wenu mnakimbilia kuchagua swali jingine. Msikimbie. Ushairi wa kimapokeo ndio swali pekee la fasihi ambalo nusu ya majibu unaweza kuyahesabu kwa vidole. Nimewatungia ubeti mmoja, wa mtu aliyepata ujumbe wa simu kutoka kwa aliyemtenda:

Ujumbe nimeupata, nimesoma sijajibu,
Maneno yake matata, ndani yamejaa gubu,
Ulimi kisu wakata, moyo wangu waadhibu,
Kunyamaza nako jibu, mwenye akili hupata.

Mistari minne, kwa hiyo ni tarbia. Ingekuwa miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, mitano takhmisa. Hesabu silabi za kipande cha kwanza: u-ju-mbe-ni-me-u-pa-ta. Nane. Kipande cha pili: ni-me-so-ma-si-ja-ji-bu. Nane. Hizo ni mizani, kumi na sita kwa mstari. Mwenye kitabu cha Kenya atakiita kipande cha kwanza ukwapi na cha pili utao, na mstari atauita mshororo. Vina vya kati ni -ta, vya mwisho ni -bu, kwa mistari mitatu. Mstari wa nne vimebadilishana nafasi: -bu imekuja kati, -ta imekwenda mwisho. Washairi wa zamani waliupenda mchezo huo, na hapa una kazi, kwa sababu huo ndio mstari ambao aliyekuwa anapokea maneno anageuka kuwa mwenye neno la mwisho. Mstari huo wa nne wengi wetu tunauita kituo. Ukirudiwa kila ubeti unakuwa kibwagizo, au kiitikio.

Tazama tena "moyo wangu waadhibu". Mtaani ungesema "unaadhibu moyo wangu". Kupindua mpangilio ni kuboronga sarufi, na huo ni uhuru wa mshairi, haukatwi alama. Pamoja nao kuna inkisari tuliyoiona, kuna mazida ambayo ni kurefusha, mfano "enda" ikawa "enenda" ili silabi itimie, na tabdila, kubadili herufi ili kina kikae. Ukiziona, usiandike tu kwamba zipo. Andika kwamba bila hiyo mizani ingepungua au kina kingevunjika. Sheria hizi Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na miongozo mingi mnayoisoma inamfuata yeye hata isipomtaja.

Utenzi ni jamaa mwepesi zaidi: mistari minne mifupi, kwa kawaida mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kamba hiyo moja ndiyo inayofanya simulizi refu lisikatike. Na nyie wasomaji wa kona hii mna deni na utenzi, kwa sababu mwanamke wa Pate, Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858 alimwandikia binti yake ushauri wa dini, ndoa na kukaa na watu katika umbo hilo hilo. Mimi nafanya kazi yake bila vina. Wengine leo wanaubishia ushauri wake kwa mume na mke, nami nina yangu ya kusema, lakini hata anayebisha huwa ameukumbuka vizuri, na kilichomkumbusha ni kile kina cha nne.

Halafu Kezilahabi akaja na Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabu, na malenga wakachachamaa kwamba hayo si mashairi. Ugomvi ule ulikuwa wa kweli na haujaisha. Mimi nawapenda wote, lakini mwanafunzi anayedhani shairi huru ni sentensi iliyokatwakatwa anakosea. Ule ubeti wangu nikiuandika huru:

Nimesoma.
Tiki mbili za bluu zimekwambia.
Sasa zisikilize
zinavyonyamaza.

Vina vimekwenda, mizani imekwenda. Kilichobaki ni tashihisi, tiki zinazosema na kunyamaza, kweli kinzani ya kusikiliza ukimya, na mahali mstari ulipokatwa. "Sasa zisikilize" limeachwa peke yake ili usubiri sauti, halafu sauti haiji. Kwenye shairi huru swali la muundo hujibiwa kwa kueleza mikato hiyo.

Sasa kalamu. Msahihishaji ana mlundo wa karatasi na nusu yake zimeandikwa hivi: "Mwandishi ametumia sitiari. Mfano, ulimi kisu wakata." Hiyo ni kutaja, na alama ya kutaja ni ndogo. Andika hivi: "Katika mstari wa tatu mshairi ameuita ulimi kisu bila kutumia neno la kulinganisha. Hii ni sitiari. Inaonyesha kwamba maneno ya aliyemtenda yanajeruhi kwa ukali na kwa kusudi, na inatuandaa kuelewa kwa nini katika mstari wa nne anachagua kunyamaza badala ya kujibu jeraha kwa jeraha." Jina limekuja sentensi ya pili, umeona? Limetanguliwa na ulichokiona na limefuatwa na kazi yake, na kazi hiyo imeunganishwa na sehemu nyingine ya shairi. Hoja nne za namna hiyo zinazidi hoja kumi za kutaja. Ukiwa na riwaya au tamthilia, badala ya mstari taja tukio na mhusika; usijaze karatasi kwa kunukuu aya nzima ulizozikariri, maana unalipwa kwa maelezo.

Na kuhusu majina yanayotofautiana, mubalagha na chuku, mstari na mshororo, sitiari na istiari, kejeli na kinaya vinavyopishana kitabu kwa kitabu: mwanafunzi wa Tanga na wa Mombasa wote wako sahihi, lakini hawasahihishwi na mtu mmoja. Chukua kitabu kinachotumika shuleni kwenu, fungua sura ya tamathali, na mbele ya kila jina andika kwa penseli mfano wako mwenyewe uliousikia nyumbani, sokoni au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kundi la ukoo hasa. Vijembe vya shangazi mle ndani vinatosha kumaliza sura nzima kabla ya wikendi.